Screen Time, Family Link na saa ya alamu ya mezani: kipi kimewasaidia vijana wangu kulala

Wazazi wenzangu wenye watoto wa miaka 12 kwenda juu, hii riviu ni yenu, na nianze na msimamo wangu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini: kama unataka kijana wako alale vizuri na asubuhi asiamke kanuna, achana kwanza na kuhesabu masaa anayokaa kwenye simu mchana, funga usiku. Vitu ninavyoviongelea ni vitatu, Screen Time ya iPhone, Family Link ya Google kwa simu za Android, na saa ya kawaida ya mezani yenye alamu, na katika hivyo vitatu kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote ni hicho cha mwisho ambacho hakina hata intaneti. Ila hivyo viwili vya kwanza bado navitumia na vina mahali pake, ntaeleza.

Nina wawili nyumbani, wa kiume ana miaka 16 na anatumia Android, mdogo wake wa kike ana 13 na anatumia iPhone, kwa hiyo mifumo yote miwili nimeishi nayo chini ya paa moja.

Kwanza tuelewane kuhusu usingizi wenyewe maana bila hapo hizi setingi utaziweka kwa kubahatisha. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani, American Academy of Sleep Medicine, walitoa mapendekezo kwamba mtoto wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji masaa 8 mpaka 10 ya kulala kila siku, na wale wa miaka 6 mpaka 12 masaa 9 mpaka 12. Sasa piga hesabu. Kijana anayetakiwa kuamka saa 12 asubuhi, ili apate hayo 8 ya chini kabisa, inabidi awe ameshapitiwa na usingizi saa 4 usiku, sio awe ndo anaingia kitandani na simu mkononi. Afu kuna jambo ambalo wazazi wengi tunalichukulia kama ukaidi na sio ukaidi: mtoto akishabalehe saa ya ndani ya mwili inasogea, melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, inaanza kutoka kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo. Kwa hiyo anapokwambia saa 3 usiku kwamba hana usingizi anasema ukweli, mwili wake umechelewa wenyewe, na simu inakuja kuuchelewesha tena juu ya hapo.

Na haihitaji hata awe anaitumia. Mwaka huohuo wa 2016 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 20 zenye watoto zaidi ya 125,000, na walichokiona ni kwamba hata wale waliokuwa na kifaa chumbani bila kukitumia muda wa kulala, usingizi wao ulikuwa mbaya kuliko wa wasiokuwa nacho. Hii ndo iliyonifanya nibadilishe mtazamo wote. Nilikuwa nadhani tatizo ni ile saa nzima ya kuskroli kabla ya kulala, kumbe hata ile kujua kwamba iko pale chini ya mto na inaweza kulia muda wowote inatosha kumfanya asizame vizuri. Shirika la Common Sense Media mwaka 2023 lilifuatilia simu za vijana wa Marekani wa miaka 11 mpaka 17, nusu yao walikuwa wanapata notifikesheni 237 au zaidi kwa siku, na asilimia 59 walishika simu kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri kwenye siku za shule. Siku za shule jamani, saa hizo!

Sasa vifaa.

Screen Time haipakuliwi, imo ndani ya iPhone na iPad tangu iOS 12 ilipotoka 2018, unaikuta kwenye setingi za simu. Kama na wewe una iPhone unamuunganisha mtoto kwenye kundi la familia na unaiendesha kutoka kwenye simu yako, kama huna unaiweka kwenye simu yake na unaifunga kwa namba yako ya siri. Kipande ninachokipenda mi kinaitwa Downtime. Unachagua saa ya kuanza na saa ya kuisha, na unaweza kuipa kila siku saa yake, kwa mfano siku ambazo kesho yake hakuna shule ikachelewa kidogo. Dakika 5 kabla ya muda simu inamkumbusha, muda ukifika apu zote zinafifia rangi na kwenye jina la kila apu kinatokea kialama cha saa ya mchanga, akigusa anaambiwa muda umeisha. Zinabaki kupiga na kupokea simu, na zile apu ulizoziweka mwenyewe kwenye orodha ya Always Allowed.

Kwanini naipenda? Kwa sababu inafunga simu, sio mama anayefunga simu. Hili wasiolea vijana hawawezi kulielewa. Ukienda mlangoni saa 4 usiku ukasema lete simu, hapo umeanzisha mjadala, ntamalizia hii tu, namjibu mtu, mbona jana, mbona kaka, na mpaka mmalize nyie wote wawili mmepandisha damu na usingizi umekimbia kabisa. Saa ya mchanga ikitokea kwenye skrini hamna wa kujadiliana nae.

Lakini kuna swichi moja ndogo ambayo ukiisahau kazi yote ni bure, inaitwa Block at Downtime. Isipowashwa, mtoto akigusa apu iliyofungwa anapewa nafasi ya kupuuza na kuendelea kama kawaida, na atapuuza kila siku. Hakikisha pia namba ya siri ya Screen Time ni tofauti na ile ya kufungulia simu, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, na usiiandike huku kakaa pembeni yako anaangalia vidole, watoto wana macho. Na hiyo orodha ya Always Allowed ipunguze mpaka ibaki vitu ambavyo kweli vinahitajika usiku, maana ukiacha kivinjari humo hujafunga kitu, TikTok, Instagram na YouTube zote zinaweza kufunguka kwa kupitia tovuti. Jambo lingine, tuliozoea saa za Kiswahili tuwe makini hapa, simu inasoma saa 3 usiku kama 21:00, ukiandika 3:00 umemfungia usiku wa manane, ambapo alitakiwa awe amelala zamani.

Mtoto anaweza kuomba muda wa ziada, ombi linakuja kwenye simu yako unachagua umpe dakika 15, saa nzima au siku yote. Mi ushauri wangu usijibu maombi ya usiku kwa kubonyeza tu. Mwambie aje akwambie kwa mdomo anataka kufanya nini. Ikiwa ni kazi ya shule kweli atakuja, na ikiwa ni vidio hatokuja, tatizo litakuwa limejimaliza. Downtime naipa nyota 4 kati ya 5, moja naikata kwa sababu ya hiyo swichi, kitu muhimu namna hiyo hakitakiwi kukaa mahali ambapo mzazi anakipita bila kukiona.

Family Link ni ya bure vilevile, ilitoka 2017, na upande wa mzazi unaweza kuiweka kwenye Android au iPhone, ila ili ikupe nguvu za kuzuia muda kifaa cha mtoto kiwe Android au Chromebook, zile laptop zenye mfumo wa Google. Mtoto akiwa na iPhone usijisumbue kuitafuta kwa kazi hii. Inavyofunga usiku ni moja kwa moja zaidi kuliko Screen Time, muda ukifika simu nzima inajifunga, kupokea simu anaweza, kupiga ya dharura anaweza, basi. Kuna muda wa ziada unaoweza kumpa kwa siku hiyo tu bila kuvuruga ratiba, nao ni mzuri sana kwa zile siku mmechelewa kurudi au ana kitu cha kumalizia, na toka 2025 wameongeza muda wa shule ambao unaitulizisha simu wakati wa masomo. Apu mpya akitaka kuipakua ombi linakuja kwako. Kwa mtoto anayepewa simu ya kwanza sijaona kitu cha bure kilicho rahisi kuliko hiki kukianzisha, unaweza kumaliza kuiweka hapohapo mmekaa nae.

Kitu kinachonipa wasiwasi kwenye Family Link ni kile kitufe cha kuifunga simu ya mtoto papo hapo ukiwa popote. Kina matumizi yake, sikatai, ila ni kitufe kinachoweza kumlevya mzazi. Mtoto kakujibu vibaya, unabonyeza. Hajaosha vyombo, unabonyeza. Baada ya muda ratiba ya usingizi inageuka kuwa fimbo, na kijana anaacha kuiona kama kitu cha afya yake anaiona kama adhabu, na kijana wa miaka 16 akishaamua kwamba anaadhibiwa atatafuta njia na njia ataipata, kwa simu ya rafiki au kwa ile simu ya zamani iliyolala kwenye droo. Kwangu hicho kitufe hakitumiki kwa adhabu, na nimemwambia wa kiume hivyo mbele ya dada yake ili awe na pa kunishikia. Nayo naipa 4.

Sasa kuna kipengele ambacho zote mbili zinacho na ndicho watu wengi wanakikimbilia kwanza, ukomo wa masaa kwa siku. Hiki naipa 2. Ntajitahidi kuwa muwazi kwa sababu najua wengi mtanipinga. Ukimwekea kijana masaa mawili kwa siku, masaa hayo hayajui anafanya nini. Dakika alizopiga simu ya vidio na bibi yake zinahesabiwa sawa na dakika alizokuwa anaskroli watu wenye miili ya kuchongwa na kujiona yeye hafai, somo la hesabu la kwenye YouTube linakula muda sawa na vidio za watu wanaoangushana. Na kisaikolojia mtoto anakuwa anaishi kwa kuangalia salio, anagawa, anaficha, anakasirika likiisha katikati ya kitu, na magomvi yanahama kutoka usiku yanakuja mchana.

Sisemi kwamba masaa hayana maana. Mwaka 2023 Vivek Murthy, wakati huo akiwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa waraka unaosema vijana wanaotumia zaidi ya masaa 3 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii wana hatari maradufu ya matatizo ya afya ya akili, zikiwemo dalili za sonona na wasiwasi. Hilo si jambo la kupuuza. Lakini mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua data za vijana wengi sana wakakuta matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana mmoja na mwingine, yaani kidogo mno. Ukiwasoma hao wote pamoja unaona wanasayansi wenyewe kwenye masaa bado wanavutana, na anayeumizwa na mitandao ni mtoto fulani kwa namna fulani, sio kila mtoto kwa kila dakika. Kwenye usingizi ndo mvutano unapungua. Kijana asiyelala anakasirika haraka, darasani hashiki kitu, jambo dogo analiona kubwa, na wasiwasi aliokuwa nao jana leo umekua. Kwahiyo kama una nguvu ya kupigana vita moja tu na mwanao, na wengi wetu tuna nguvu ya moja tu, pigana hii ya usiku.

Niseme haraka kuhusu setingi za ndani ya mitandao yenyewe maana watu wanauliza sana. Instagram toka Septemba 2024 inaziweka akaunti za vijana kwenye mfumo wa Teen Accounts, kuna hali ya kulala kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 1 asubuhi inayonyamazisha notifikesheni, na aliye chini ya miaka 16 anahitaji ruhusa ya mzazi kulegeza masharti. TikTok toka 2023 inawawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60, ila kijana akiwa na zaidi ya miaka 12 anaweza kuingiza namba ya siri mwenyewe na kuendelea, kwa hiyo ni ukumbusho zaidi ya kizuizi, mpaka uunganishe akaunti yako na yake kupitia Family Pairing ndo unapata usemi. YouTube nayo kwa walio chini ya 18 imezima ile tabia ya vidio kuendelea zenyewe na inawakumbusha muda wa kulala. Zote hizi zinategemea mtoto awe ameandika umri wake wa kweli, na hapo ndipo zinapovuja. Nyota 3, ziwashe, ila usilale ukizitegemea.

Ile taa ya njano ya usiku, au ile mnayoiita filta ya mwanga wa bluu, naipa nyota 1. Ni kweli kwamba mwanga wa skrini unagusa melatonini, kuna utafiti wa mwaka 2014 uliochapishwa kwenye jarida la sayansi la PNAS ulioonyesha watu wanaosoma kwenye kifaa chenye mwanga kabla ya kulala melatonini yao inachelewa kwa karibu saa moja na nusu ukilinganisha na wanaosoma kitabu cha karatasi. Lakini mwaka 2021 chuo kikuu cha Brigham Young walipowapima vijana wa miaka 18 mpaka 24 waliotumia simu yenye ule mwanga wa njano na waliotumia bila, hawakuona tofauti ya usingizi. Na ukifikiria inaingia akilini. Binti wa miaka 13 aliyesoma meseji ya kumsema vibaya saa 5 usiku, hiyo meseji iwe ya njano au ya bluu hatalala.

Haya tuje kwenye saa ya mezani.

Hoja ya vijana ya kubaki na simu chumbani huwa ni moja, na ni hoja nzito kwa sababu ni ya kweli: "Sasa mama, alamu ntaiweka wapi?" Mtoto wangu wa kike alinitolea hiyo na sikuwa na jibu, maana kweli simu ndo ilikuwa inamwamsha. Nikawanunulia kila mmoja saa yake ya alamu. Kwa hiyo hoja ikaisha, na simu zote zikahamia sebuleni kwenye chaja moja ndefu yenye matundu mengi, na ya kwangu na ya baba yao zikiwemo, hapa sijali unafanya kazi gani, ukiwaambia watoto simu zisiingie chumbani na wewe unaingia na yako umeshapoteza kesi.

Sio kila saa inafaa lakini. Ukienda kununua isikilize kwanza, kuna zingine mshale wa sekunde unapiga tik tik tik kwa sauti ambayo mchana huisikii ila usiku chumba kikiwa kimya inakuwa kero, tafuta ile ambayo mshale unateleza kimyakimya. Usichukue za kidijitali zenye namba kubwa zinazowaka usiku kucha, umetoa skrini umerudisha taa, chukua ambayo inawaka pale tu ukibonyeza. Iwe ya betri ili umeme ukikatika isijirudishe kwenye sifuri na mtoto akachelewa shule kwa kosa lisilo lake, maana siku hiyohiyo ataidai simu yake na atakuwa na haki. Sauti iwe kali. Wa kiume usingizi wake wa alfajiri ni mzito mno, tumeiweka saa yake juu ya kabati upande wa pili wa chumba, lazima asimame aifuate, na akishasimama ameamka. Isiwe na redio, isiwe na blututhi, isiwe na chochote. Nyota 5, na natamani nyumba zenye vijana zote ziwe nayo.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu sana, msije mkadanganyana. Wa kiume alikuwa anazunguka zunguka sebuleni karibu na chaja kama aliyepoteza kitu, anakunywa maji, anarudi, anauliza maswali ya ajabu ajabu. Wa kike alilia kwa sababu kundi la marafiki zake linachangamka kuanzia saa 4 usiku na yeye ndo atakuwa hayupo, na hicho kilio mi sikukichukulia kama utoto, kwa umri ule kuwekwa nje ya mazungumzo ya wenzako kunauma kweli. Tulikaa tukapitia pamoja nini hasa anachokiogopa kukikosa. Kimoja ilikuwa zile streaks za Snapchat, yaani hesabu ya siku mfululizo ambazo marafiki wametumiana picha bila kukosa, nikamwonyesha kwamba hesabu yake ni ya masaa 24, akituma jioni imetosha, haihitaji iwe usiku. Kingine ilikuwa magomvi, kwamba wakigombana usiku na yeye hayupo kujitetea itakuwaje. Hilo sikuwa na dawa nalo, nikamwambia tuone.

Ikatokea kweli. Asubuhi moja kaichukua simu kwenye chaja kabla ya kwenda shule, meseji mamia, wenzie wamegombana usiku mzima, wametukanana, wametoana kwenye kundi, wamerudishana, wameombana msamaha, na mpaka yeye anasoma wameshapatana na wengine wamelala masaa matatu. Akasoma yote kasimama pale pale na begi mgongoni, akanitazama, akasema, "Mama, wamenitaja mara moja tu, na hata hawakunisema vibaya." Akaweka simu mfukoni akaenda. Toka hapo kuhusu kundi la usiku hajanililia tena.

Mabadiliko niliyoyaona mi nyumbani ni haya, wanaongea zaidi usiku, hasa wa kiume ambaye mchana humtoi neno, ile saa kati ya simu kufungwa na kulala anakuja jikoni anaanza stori, na stori za vijana za saa hiyo ndo zenye mambo ya kweli. Asubuhi hazina makelele. Na wa kike ambaye alikuwa ana siku za kulia bila sababu, zimepungua, sisemi zimeisha, ana miaka 13.

Kuna apu za kulipia zinazokuahidi kusoma meseji za mtoto, kuona picha zake, kurekodi anachoandika. Nilijaribu moja, jina naliacha, ilimaliza betri ya simu ya mtoto kabla ya mchana na ilikuwa inanitumia tahadhari kila akiandika neno la kawaida la utani. Niliitoa na siipendekezi kwa kijana ambaye hujaona dalili ya hatari. Kijana akijua unasoma meseji zake anahamia mahali usipopaona, na siku akipatwa na jambo zito kweli, mtu anamtishia au anamwomba picha, hatakuja kwako kwa sababu anajua ulikuwa unampeleleza. Mi nataka nibaki kuwa mtu wa kwanza anayemfikiria siku hiyo.

Msisahau gemu na televisheni maana hizo Family Link na Screen Time hazizifikii. Nintendo Switch ina apu yake ya mzazi ya bure ambayo unaweka saa ya kulala na ukitaka inasimamisha gemu kabisa, PlayStation na Xbox nazo zina udhibiti wa mzazi kwenye akaunti. Na tableti ya shule, kila mtu anaisahau tableti ya shule, nayo iende kwenye chaja ya sebuleni na wenzie.

Na kama umeshafanya haya yote, simu haiko chumbani na bado mtoto anakesha macho, au analala mchana kutwa, ameacha vitu alivyokuwa anavipenda, hali chakula vizuri, anajitenga na imepita wiki mbili haibadiliki, hapo acha kucheza na setingi, mpeleke kwa daktari au mshauri. Na akizungumzia kujidhuru au kufa usisubiri hizo wiki mbili, mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Hivi vifaa vinarudisha usingizi ulioibiwa na simu, sonona ni ugonjwa na una matibabu yake.

Kwa wenye vijana wakubwa, legezeni kidogo kidogo kabla hajaondoka nyumbani. Wa kiume tumekubaliana kwamba akifikisha 17 ratiba ya Family Link ataipanga mwenyewe na mi nitaiona tu bila kuigusa, kwa sababu muda si mrefu atakuwa anaishi mwenyewe na hamna mtu wa kumfungia, bora akosee ratiba akiwa bado hapa. Mwenyewe ameshaniambia atakayoweka, saa 4 na nusu, nilidhani ataomba saa 7.